Nyutrino Zinapita Oldonyo Sambu

Baba yangu alipopunguzwa kazi kiwandani alinuna wiki nzima, kisha akachukua kiinua mgongo chake akafungua duka la televisheni. Ilikuwa miaka ile kila kitu kilipokuwa ruksa. Viwanda vya umma vilikuwa vinauzwa au vinafungwa, na kila mwenye vijisenti alikuwa anafungua kitu: saluni, baa, duka la mitumba, chuo cha kompyuta chenye kompyuta moja. Baba alipanga chumba Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, kati ya fundi wa spring za magari na mama aliyeuza vipuri vya baiskeli. Akapaka ukuta rangi ya bluu, akazipanga televisheni zake dirishani, akakaa juu ya stuli kusubiri utajiri.

Kulikuwa na tatizo dogo. Arusha ya wakati ule ilikuwa na televisheni nyingi kuliko vipindi. Stesheni za Dar es Salaam zilitufikia kwa kusuasua, na za Kenya zilikamatwa na wale tu waliokuwa na mlingoti mrefu na majirani wavumilivu. Kwa hiyo kitu ambacho wateja wa baba walikitazama kuliko vyote kilikuwa chenga. Kwa waliozaliwa juzi, chenga ni zile punje nyeusi na nyeupe zinazochemka kwenye kioo pale televisheni inapokosa stesheni, pamoja na sauti yake kama mahindi yanayokaangwa.

Mimi nilikuwa nasoma fizikia chuo kikuu, Dar es Salaam. Likizo moja nilirudi nyumbani nikamkuta baba amebanwa dukani na mama mmoja wa Njiro, aliyekuja na televisheni yake kwenye teksi.

"Mzee, umeniuzia chenga," yule mama alisema. "Nyumba nzima tunakaa jioni tunatazama chenga. Watoto wameanza kuzizoea."

Mimi nina ulimi mwepesi na hasira za karibu, vitu viwili ambavyo havifai dukani. Nilimwambia yule mama kwamba nyingi ya chenga zile ni kelele tu za mitambo na umeme wa angani, lakini sehemu yake ndogo sana si kelele. Ni mwanga wa kale. Umetoka wakati ulimwengu ulipokuwa mchanga, kabla nyota ya kwanza haijawaka, na umesafiri muda wote huo mpaka ukapoa, ukawa mawimbi yasiyoonekana kwa macho, na sasa antena yake kule Njiro inayadaka. "Kwa hiyo mama," nikamalizia, "hata pasipo na stesheni, kuna kitu mnatazama."

Yule mama alinitazama mimi, akamtazama baba. "Huyu nani?"

"Binti yangu. Yuko chuo kikuu."

"Anasoma nini?"

"Ndiyo hayo," baba akasema.

Yule mama aliondoka na antena ndefu zaidi, akiwa ametulia kidogo. Baba akarudi kukaa juu ya stuli yake. Kisha akaniuliza kama niliyosema ni kweli au nimetia chumvi. Nikamwambia ni kweli tupu, ila ni sehemu ndogo tu. Nadhani maneno manne ya mwisho hayakumfikia.

Kuanzia kesho yake chenga za duka letu zikawa bidhaa. "Karibu, karibu utazame mwanzo wa ulimwengu," baba aliwaambia wapita njia. Mteja akilalamika kwamba televisheni haikamati kitu, baba aliinamisha kichwa kwa masikitiko akamwambia kwamba mwenye duka mwingine angemtoza zaidi kwa chenga za aina ile. Mimi, kutoka nyuma ya kaunta, nilikuwa nakatiza: "Sehemu ndogo tu, baba." Naye alikuwa anamgeukia mteja na kusema, "Binti yangu ni mtaalamu, anapenda kupunguza."

Mzee mmoja wa kanisa letu alikuja makusudi kuziona. Alivua kofia, akasimama mbele ya televisheni ya inchi kumi na nne kwa adabu zote, akatazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama zipo za rangi. Nilikasirika sana likizo ile, na nilicheka sana likizo ile, na mara nyingi vyote viwili vilikuja kwa pamoja.

Nilipomaliza shahada nilirudi Sakina nikapata kazi ya kufundisha katika shule binafsi iliyokuwa imefunguliwa karibu nasi. Jioni nilikaa dukani na baba. Tulikuwa tumezoeana kwa mtindo wetu: yeye anasema, mimi nasahihisha, mteja anacheka, televisheni inauzwa. Ningeweza kuishi hivyo miaka mingi, na nadhani baba alikuwa ameshapanga niishi hivyo.

Ndipo nikapata nafasi ya kusoma shahada ya pili Italia, gharama zote zimelipwa. Nilikuwa nimeomba kimya kimya, kwa sababu sikuamini kwamba wangenijibu. Nilichokuwa nakwenda kusoma ni namna ya kutumia mambo ya mwanzo kabisa ya ulimwengu kuchunguza vitu viwili ambavyo hakuna aliyewahi kuvishika mkononi. Cha kwanza ni nyutrino, chembe ndogo mno zinazopita ndani ya kila kitu bila kugusa. Cha pili ni maada ya giza, yaani kitu kizito kisichotoa mwanga wala kuuzuia, ambacho tunajua kipo kwa sababu tu galaksi zinazunguka kwa kasi kubwa na bado hazisambaratiki, kana kwamba kuna mkono umezishika.

Nilimweleza baba haya yote dukani, mbele ya televisheni zake. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nyakati hizi ni za soko," akasema. "Kila mtu anauza kitu. Sasa wewe ukirudi na hiyo maada ya giza, utamuuzia nani?"

"Baba, wewe unauza chenga."

"Chenga zinaonekana."

Akanishauri nikasome uhasibu, hapa hapa Arusha, jioni, baada ya kazi. Mhasibu, alisema, hakosi pa kukaa. Nikamwambia mimi sitafuti pa kukaa. Akasema huko Italia wanakula tambi kila siku, na tumbo langu analijua. Niliondoka dukani nikiwa nimebamiza mlango, halafu nikarudi kuufungua kwa sababu wateja walikuwa wanataka kuingia.

Mama ndiye aliyenielewa kwanza, na tulielewana jikoni. Alikuwa anakwangua sufuria ya wali wa mchana. Nilikuwa namlalamikia, na katikati ya malalamiko nikamweleza kwamba katika dakika zake za kwanza ulimwengu ulikuwa moto na umebanana, uji mtupu wa chembe na mwanga, na uji huo ndio uliopika gesi ya heliamu, ile ya kujazia maputo. Kama aina za nyutrino zilizokuwepo zingekuwa nyingi zaidi, ulimwengu ungepanuka upesi zaidi, na heliamu iliyopikwa ingezidi. Kwa hiyo leo mtu akipima heliamu iliyobaki, anajua ni aina ngapi za nyutrino zilikuwa jikoni siku ile.

Mama aliinua kipande cha ukoko akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. "Kama huu," akasema. "Mimi sikuwepo wakati unapika, nilikuwa sokoni. Lakini nikiuona huu najua uliacha moto mkali ukaenda kupiga soga na jirani."

Ilikuwa kweli. Kuanzia siku ile mama akawa upande wangu, ila upande wake ulikuwa na sharti.

Inabidi nieleze nyumba yetu. Baba ni Mchaga wa Kilimanjaro. Mama ni Mwarusha wa Oldonyo Sambu, upande wa pili wa Mlima Meru, na kwao watu wanazungumza Kimaa. Sote ni Walutheri, lakini mama alikuwa na jambo moja la kwao ambalo hakuna mchungaji aliyewahi kumwondolea: hakuna mtoto wa nyumba yake anayekwenda safari ndefu kabla mkubwa wa familia hajamwekea mkono kichwani. Na mkubwa aliyekuwa amebaki kwao alikuwa bibi, mama yake.

"Tutakwenda kwa bibi yako," mama akasema mbele ya baba, wakati wa chakula. "Akikuwekea mkono, unakwenda Italia na hapa ndani hakuna atakayefungua mdomo. Asipokuwekea, hupandi ndege. Mimi mwenyewe nitakuzuia."

Nilijua hatanii. Nikamtazama baba nikitarajia ubishi. "Sawa," baba akasema, akajiongezea mboga. "Bibi aamue." Alikubali upesi mno, na mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini. Mimi nilikuwa na furaha sana, sikujiuliza.

Tulikwenda Jumamosi, sisi watatu, kwenye pick-up ya baba. Ukitoka Sakina kwa barabara ya Nairobi, migomba inakusindikiza mpaka Ngaramtoni, kisha taratibu inakuaga. Mlima unakugeuzia mgongo. Unapofika Oldonyo Sambu upepo ni mkavu, vumbi ni jepesi, na ukitazama kaskazini nchi inafunguka tambarare mpaka mbali. Mimi nilikuwa napenda kufika pale tangu utoto, kwa sababu pale macho yanapumzika.

Bibi alikuwa mrefu kuliko sisi sote, amejifunga shuka mbili, na alitupokea akiwa tayari ameshaambiwa tumekuja kwa jambo gani. Tulimwita Koko, kama wanavyoita bibi kwa Kimaa. Kiswahili alikijua vizuri, ila alipenda kukijua pale tu alipotaka.

Kwa desturi za kule mkwe mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Heshima yao ni umbali. Kwa hiyo baba aliwekewa kigoda kando ya zizi, bibi akakaa mlangoni kwake, na mama akakaa katikati kupeleka maneno huku na huku. Ng'ombe walikuwa ndani ya zizi, bado hawajapelekwa malishoni, ili wageni wawaone. Mimi nikakaa chini karibu na bibi, na moyo wangu ulikuwa unadunda hata naona aibu, maana nilikuwa nimeshafanya mitihani mingi maishani bila kudunda hivyo.

"Unakwenda kutafuta nini huko?" bibi akauliza kwa Kimaa, na mama akatafsiri ingawa nilikuwa nimeelewa.

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikamwambia: Koko, ukisimama hapa juu ukaona ng'ombe kule bondeni wote wamekusanyika mahali pamoja, na hawatoki, unajua nini? Akasema anajua kuna magadi, wanalamba chumvi yake. Nikamuuliza kama anayaona magadi yenyewe kutoka juu hapa. Akasema hapana, anaona ng'ombe. Nikamwambia basi huko mbinguni nyota nazo zimekusanyika kwa mafungu makubwa, na sisi tunaona nyota tu, magadi hatuyaoni. Nakwenda kuuliza magadi hayo ni kitu gani.

Bibi aliitikia kwa kichwa polepole. "Hilo naelewa," akasema, na safari hii alisema kwa Kiswahili.

Nilitaka kuruka. Nikamtazama mama, naye alikuwa anatabasamu. Nusu saa haijapita na tumeshamaliza. Hapo ndipo baba aliposimama kutoka kwenye kigoda chake.

"Mama," akamwambia bibi kwa sauti, kupitia kwa mama yangu, "ngoja nimsaidie kidogo mtoto kueleza. Kwa mfano, hawa ng'ombe wako hapa." Akanyoosha kidole kuelekea zizini. "Hapa tunamwona mmoja, wawili, watatu, wanne..."

Mama aliacha kutafsiri. Baba aliendelea. Alihesabu kwa sauti ile ile anayohesabia katoni za televisheni zikishushwa, kidole kikitua juu ya kila mgongo, na alipofika mwisho akarudi kumwongeza mmoja aliyekuwa amejificha nyuma ya mwenzake.

Kwa msomaji asiyejua: kwa bibi yangu ng'ombe hawahesabiwi hivyo. Mwenyewe anawajua kwa rangi, kwa pembe, kwa mama zao, na akikosekana mmoja jioni anajua ni nani kabla zizi halijafungwa. Lakini kuwanyooshea kidole na kutaja idadi kwa sauti ni kuuita msiba uje uwapunguze. Watoto vile vile. Mimi hadi leo sijui nina binamu wangapi upande ule, na nikimuuliza mama ananitajia majina na kuniacha nijumlishe mwenyewe kimoyomoyo.

Bibi aliinuka, akajifunga shuka yake vizuri, akaingia ndani. Mama alimgeukia baba na kumwambia kitu kwa Kichaga, lugha ambayo huitumia kwa baba tu na akiwa amekasirika tu. Kisha akamfuata mama yake.

Nikabaki na baba. Nilimwendea kwa hasira. "Umefanya nini, baba?"

"Nimesahau," akasema, akitazama viatu vyake.

"Umesahau nini? Ni desturi ya mke wako!"

"Mtu anasahau."

Nilimwambia maneno mengi ambayo siwezi kuyaandika, na mengine niliyasema huku nalia. Yeye hakujitetea. Alikwenda kwenye pick-up, akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akaanza kulikagua kana kwamba lina tatizo. Mama alitoka ndani akatikisa kichwa kunionyesha kwamba bibi hataki. Nikaona Italia inafungwa mbele yangu, na nikaona jioni zote zilizobaki za maisha yangu nikiwa nyuma ya kaunta ile ya bluu.

Mimi si mtu wa kukubali upesi. Nilizunguka nyuma ya nyumba na kumkuta bibi ameshatokea mlango wa uani, amekaa anapepeta maharage. Nilichukua ungo wa pili nikakaa naye nikaanza kupepeta, vibaya, maana maharage yalikuwa yanarukia chini na kuku wanayaokota. Alinivumilia kwa muda.

"Vile vitu vidogo," hatimaye akasema kwa Kiswahili. "Mama yako aliniambia. Vinavyopita kwenye kila kitu."

"Nyutrino."

"Ziko Italia?"

"Ziko kila mahali, Koko. Zinapita hapa sasa hivi. Zinapita kwenye mlima huu, kwenye ungo, kwenye mkono wako."

Aliutazama mkono wake, nje na kiganja. Halikuwa jambo lililomshangaza sana. "Basi kama ziko hapa," akasema, "huko unafuata nini?"

Ni swali ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza. Kwa nini uvuke bahari kutafuta kitu kinachopita kwenye mkono wa bibi yako? Nikapepeta kidogo, nikafikiri, kisha nikamwambia polepole. Zinazopita hapa hazisimami, ukizitega hazinasi, au inanasa moja ukiwa mzee. Lakini zamani sana, ulimwengu ulipokuwa mdogo na umebanana, zilikuwa nyingi mno hata uzito wake kwa pamoja uliacha alama. Zilikuwa na mbio, hazitulii mahali, kwa hiyo pale zilipopita vitu vilichelewa kidogo kukusanyika. Ile maada nyingine, ya giza, yenyewe ilikuwa na upole, ikatulia, ikavuta vitu vikaja kwake. Alama za zote mbili ziko kwenye ule mwanga wa kale, madoa hafifu sana, na ziko katika namna galaksi zilivyotawanyika. Kule kuna mitambo ya kuzipima, na watu wa kunifundisha kuzisoma.

"Kwa hiyo hamzitazami zenyewe," bibi akasema. "Mnatazama zimefanya nini."

"Ndiyo, Koko."

"Ungesema hivyo mapema, tungekuwa tumeshakunywa chai."

Nilicheka ingawa machozi hayajakauka. Akaweka ungo wake chini, akakung'uta shuka.

"Sasa nikuulize na mimi," akasema. "Baba yako alipokuja kumchumbia mama yako, kijana wa mbali, hajui neno moja la Kimaa, alileta ng'ombe wa mahari mpaka pale zizini. Tulimwambia kwetu tunafanya hivi na hivi. Akawaingiza bila kuwataja ni wangapi. Wajomba zake walianza kuhesabu, yeye akawanyamazisha. Nilimwona kwa macho yangu. Mwaka ule alikuwa mgeni na hakukosea. Leo ni mkwe wa miaka yote hii. Amesahau?"

Nilibaki na ungo mapajani. Kuku walikuwa wanakula maharage yetu na sikuwafukuza.

"Yule hataki uende," bibi akasema. "Na hawezi kukwambia usiende, kwa sababu unachotaka ni kizuri na anakiona. Anataka mimi ndiye nikatae, ili unikasirikie mimi. Mimi siubebi mzigo huo. Ni wake." Akaniita kwa kidole. "Njoo hapa."

Nilipiga magoti mbele yake. Aliweka mkono wake kichwani kwangu, mkono mkavu wenye harufu ya maharage na moshi, akasema maneno mengi ya Kimaa kwa sauti ya chini, akanitemea mate kidogo kifuani kama wanavyobariki kwao. Mama alikuwa amesimama pembeni ya nyumba na alisikia yote. Alikuwa anajipangusa uso kwa kanga.

Ningepaswa kushangilia. Nilikuwa nimepata nilichofuata. Badala yake niliondoka pale nikitembea kama mtu aliyesahau anakwenda wapi, nikamzunguka bibi, nikaipita nyumba, nikapita kando ya zizi. Miezi yote ile nilikuwa nimeamini kwamba baba anapigana na fizikia yangu: soko, uhasibu, tambi. Nilikuwa nimejibu kila hoja yake, moja moja, na nimeshinda zote, wala sikujiuliza kwa nini anazidi kuleta nyingine.

Alikuwa bado amechuchumaa kando ya gurudumu. Aliposikia hatua zangu akaanza kulipiga piga kwa kiganja.

"Upepo umepungua," akasema.

"Haujapungua, baba."

"Bibi amesemaje?"

"Ameniwekea mkono."

Aliinuka taratibu, akishikilia bodi ya gari, akanitazama. Nilidhani atakasirika, au atatania. Hakufanya hata kimoja.

"Nilijua hawahesabu," akasema.

"Najua, baba."

"Kiwanda kiliponipunguza niliona, haya, bado nina duka. Na dukani nina wewe. Sikufikiri zaidi ya hapo." Alijipangusa vumbi mikononi kwa muda mrefu kuliko vumbi lenyewe. "Nikisema wewe usiende nitakuwa baba wa namna gani? Na nikisema nenda, nani atanisaidia kusema nenda?"

Nyumbani kwetu hatukuwa na mambo ya kugusana. Baba alisalimiwa shikamoo, akaitikia marahaba, na furaha yake kubwa kabisa aliionyesha kwa kukununulia soda. Mkono wa kichwani ulikuwa jambo la upande wa mama, na maisha yangu yote sikumwona baba akilifanya kwa mtu yeyote. Sikupanga nilichofanya. Nilisogea mpaka nikawa karibu naye, pale kwenye vumbi, nikainamisha kichwa.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nasubiri."

Nilikuwa naona viatu vyake tu. Kiatu kimoja kilisogea nyuma kidogo, kisha kikarudi. Halafu mkono wake ukatua kichwani kwangu, mzito, haujui ukae wapi, ukatafuta mahali ukatulia.

"Nenda," akasema. Sauti yake ilikatika katikati ya neno dogo kama lile, akalirudia lote. "Nenda, mwanangu."

Mama alipotuita chai alituita mara ya kwanza, akaita mara ya pili, kisha akanyamaza. Mkono wa baba ulikuwa bado uko pale.